Kinasa Sauti Kisichonasa Sauti: Uhakiki wa Istilahi za Gitaa la Umeme

Katika kurasa za namna hii wasomaji wamezoea kukuta mifano ya istilahi iliyotolewa katika sheria, uganga, ukulima na utawala. Mara hii tumechagua kifaa kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni kile kinachofungwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho wapigaji wetu hukiita ama "pikapu" ama "kinasa sauti". Huenda wako watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kushughulisha watafsiri, walimu na watumishi wa serikali. Sisi tunaona kinyume chake, na kisa kifuatacho kitatoa sababu.

Ofisi moja iliyokuwa ikilea kikundi cha muziki iliandika hati ya kuagizia vifaa. Gitaa la solo la kikundi hicho lilikuwa na vifaa vitatu vya namna hiyo vilivyochoka, nayo hati ikasema kwa Kiswahili safi: "vinasa sauti vitatu". Vikaletwa vinasa sauti vitatu, yaani vyombo vya kurekodia maneno mikutanoni. Aliyeandika hakukosea, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolisikia kwa wapigaji. Aliyenunua naye hakukosea, kwa kuwa kamusi zetu zinaeleza kinasa sauti kuwa ni chombo cha kurekodia sauti. Fedha zilitumika, gitaa likabaki bubu, na msimu wa sherehe ukapita. Hapa hapana mtu wa kulaumiwa isipokuwa istilahi yenyewe.

Baadaye tulipewa karatasi ya maelekezo ya kuchagua na kufunga vifaa hivyo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye hatumjui. Tumeisoma kwa makini. Sarufi yake ni nzuri na tahajia yake haina dosari. Hata hivyo, mnunuzi anayeifuata neno kwa neno atachagua kifaa kisichomfaa. Nia yetu si kumkejeli mtafsiri, ambaye alifanya kazi ngumu bila ya msaada, bali ni kuonyesha mahali ambapo maneno yake yanampoteza msomaji, na kupendekeza njia nyingine.

1. Kifaa chenyewe

Istilahi haiwezi kuhakikiwa kabla ya dhana kueleweka. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unapobadilika karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa katika waya huo. Kifaa tunachokijadili hutumia kanuni hiyo. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo mna koili ya waya wa shaba mwembamba kama unywele, wenye kipenyo cha kiasi cha milimita 0.06. Sumaku huutia usumaku uzi wa chuma ulio juu yake. Uzi unapopigwa hutetemeka, uga wa sumaku unaopita katika koili hubadilika, na umeme mdogo huanza kwenda na kurudi katika waya kwa kadiri ya mtetemo ule. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, nayo huukuza hadi spika iweze kuutoa tena kama sauti.

George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza gitaa la namna hii huko Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hataza ya Beauchamp ilitolewa mwaka 1937. Tangu hapo umbo limebadilika mara nyingi, lakini kanuni ni ile ile.

2. "Kinasa sauti" na "pikapu"

Tukiyakubali maelezo hayo, kosa la jina "kinasa sauti" linajitokeza mara mbili.

Kwanza, jina hilo limekwisha kuwa na mwenyewe. Kisa cha hati ya manunuzi kinatosha kuthibitisha.

Pili, nalo ndilo zito zaidi, jina hilo linasema uongo juu ya kazi ya kifaa. Kifaa hiki hakinasi sauti. Sauti ni mtetemo wa hewa, na kifaa hiki hakijali hewa. Kinajali mwendo wa uzi wa chuma ndani ya uga wa sumaku. Ndiyo sababu ukikifunga katika gitaa la nyuzi za nailoni utapata kimya, hata upige kwa nguvu gani. Karatasi tuliyoisoma haikuandika onyo lolote juu ya jambo hili, kwa kuwa katika lugha ya asili pengine halikuhitajika. Katika Kiswahili linahitajika, maana msomaji aliyeambiwa kwamba ananunua kinasa sauti ana haki ya kudhani kwamba kitanasa sauti ya gitaa lolote.

Tena liko jambo la kuchekesha kidogo. Waya wa koili usipokazwa vizuri huanza kutikisika wenyewe, na hapo kifaa huweza kweli kupokea sauti za nje, hata ya mtu anayesema karibu nacho, na amplifaya ikifunguliwa sana hupiga yowe. Hiyo ni kasoro, na watengenezaji wengi huchovya koili katika nta ya moto ili kuizuia. Kwa hiyo kinasa sauti kinachonasa sauti ni kile ambacho waya wake umelegea. Jina linalokifaa kifaa wakati kina kasoro tu halistahili kuwa istilahi.

Je, tukubali "pikapu"? Sisi si maadui wa kukopa. Gitaa lenyewe ni neno la kukopa, na hakuna anayelionea haya. Lakini kwa Mswahili yeyote, wa mjini au wa shamba, pikapu ni gari dogo la kubebea mizigo. Mpigaji anayewaambia wenzake "nimebadilisha pikapu" ataeleweka katika chumba cha mazoezi, lakini afisa anayesoma "pikapu tatu" katika makadirio ya fedha atashtuka. Neno la mazungumzo huokolewa na mazingira yake, ilhali istilahi hutembea peke yake katika hati, orodha na risiti, mahali ambapo mazingira hayapo.

Pendekezo letu ni kinasamtetemo. Limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kipimajoto, na linataja kile hasa kinachonaswa. Faida yake nyingine ni kwamba linaruhusu matawi. Kiko kifaa cha namna nyingine, kinachofanya kazi kwa fuwele zinazotoa umeme zikibanwa, nacho hunasa mtetemo wa mbao au wa daraja la gitaa. Hicho hufaa hata kwa nyuzi za nailoni. Tukisema kinasamtetemo cha sumaku na kinasamtetemo cha fuwele, mnunuzi anaona tofauti kabla hajafungua mfuko wake.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza kama neno hilo halitagongana na kile chombo cha kupimia mishtuko ya ardhi. Tunadhani halitagongana, maana Kiswahili kimekwisha kutenga tetemeko, ambalo ni la ardhi, na mtetemo, ambao ni wa uzi, ngozi au kioo. Wengine watasema kwamba neno ni refu. Ni kweli, na mafundi watalifupisha kuwa "kinasa" tu. Hilo halidhuru, madhali umbo kamili limehifadhiwa kwa ajili ya maandishi.

3. Koili moja, koili mbili, na mvumo

Hapa ndipo mtafsiri wetu alipoteleza zaidi. Karatasi yake inagawa vinasa katika mafungu mawili, "vya kawaida" na "vya kimya". Mnunuzi asiyependa kelele atachagua vya kimya bila kufikiri zaidi, na wengine watajiuliza iwapo kinasa cha kimya kinatoa sauti yoyote.

Koili ni mtego usiochagua. Pamoja na mtetemo wa uzi, hupokea pia nyuga za sumaku zinazotoka katika transfoma, taa na waya za umeme zilizo karibu. Umeme wa majumbani katika Tanzania na Kenya huenda na kurudi mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni mizunguko 60. Mwendo huo husikika katika spika kama uvumi wa nyuki usiokatika. Tunashauri uitwe mvumo, ili kuutenga na kelele za namna nyingine kama vile mikwaruzo ya swichi chafu.

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya kinasa chenye koili mbili, na hataza hiyo ilitolewa mwaka 1959. Hila yake ni nzuri. Koili hizo zimeunganishwa kinyume, na sumaku zimeelekezwa kinyume pia. Mvumo unaoingia kutoka nje hufika katika koili zote mbili kwa namna moja, na kwa kuwa koili zimeunganishwa kinyume, mivumo hiyo miwili hufutana. Mtetemo wa uzi hugeuzwa mara mbili, mara moja na sumaku na mara ya pili na koili, na kwa hiyo hujumlishwa badala ya kufutwa. Mafundi wetu hukiita kifaa hicho "hambaka".

Iko njia mbili za kukiita kwa Kiswahili: kwa umbo lake, yaani kinasa cha koili mbili, au kwa kazi yake, yaani kinasa kizuiamvumo. Wengi hudhani kwamba majina haya ni sawa na kwamba tuchague lolote. Si sawa. Viko vinasa ambavyo koili zake mbili zimepandana, moja juu ya nyingine, ndani ya kasha jembamba lenye umbo la koili moja; navyo huzuia mvumo. Gitaa la besi la Fender la mwaka 1957 lilikuwa na kinasa kilichopasuliwa vipande viwili, kila kipande kikitazama nyuzi mbili kwa koili moja. Nacho huzuia mvumo. Tena kiko kinasa cha Gibson cha mwaka 1946, kipana na kinene kwa sauti, ambacho wengi wakikiona hudhani kina koili mbili, kumbe kina moja, nacho huvuma.

Kwa hiyo tunazo sifa tatu, wala si moja: umbo la kasha, idadi ya koili, na uwezo wa kuzuia mvumo. Istilahi nzuri isizichanganye. Anayebadilisha vinasa huanza na umbo, maana kasha lisiloenea katika tundu la gitaa litamlazimisha fundi achonge mbao. Kisha huja sauti, ambayo hutegemea sana koili na mahali zilipo. Mwisho huja mvumo. Karatasi iliyofunga yote hayo katika neno "kimya" ilimnyima mnunuzi maswali mawili kati ya matatu.

4. Nguvu na ukinzani

Karatasi inatoa jedwali la vinasa na mbele ya kila kimoja imeandika "nguvu", ikifuatwa na tarakimu za omu. Hapa fizikia yenyewe imevunjwa. Omu ni kipimo cha ukinzani, neno ambalo walimu wa fizikia wamelifundisha kwa miaka mingi, nalo halina haja ya kubadilishwa.

Ni kweli kwamba wauzaji hutumia ukinzani kama dalili ya nguvu. Mizunguko ya waya ikiongezwa, umeme unaozaliwa huongezeka, na ukinzani huongezeka pia. Kinasa cha koili moja cha aina ya Stratocaster huwa na mizunguko kiasi cha 8,000 na ukinzani wa kiasi cha omu 6,000. Vya koili mbili vya mtindo wa miaka ya 1950 huwa baina ya omu 7,500 na 8,500, na vile vikali vya siku hizi hupita 13,000. Lakini waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani bila ya kuongeza mizunguko, na sumaku yenye nguvu huongeza umeme bila ya kugusa ukinzani. Mnunuzi anayeambiwa kwamba omu ndizo nguvu atakosea katika hali zote mbili. Iandikwe ukinzani panapotajwa omu, na panapokusudiwa wingi wa umeme unaotoka iandikwe nguvu ya utoaji.

Kosa jingine la jedwali hilo ni "sumaku ya udongo". Mtafsiri alikutana na jina la sumaku za seramiki akakumbuka vyungu. Sumaku hizo hutengenezwa kwa oksidi ya chuma pamoja na bari au stronti, nazo hutumika katika vingi vya vinasa vikali. Msomaji wa "sumaku ya udongo" atadhani ni kitu duni chenye kuvunjika, kisha atakikimbia kile alichokuwa akikitafuta. Tunapendekeza sumaku ya feriti. Ile nyingine, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, iitwe aliniko, kama inavyotamkwa na mafundi.

5. Fezi, rangi za waya, na nafasi

Karatasi inaonya kwamba vinasa viwili visiwe "nje ya awamu". Tulimwonyesha mwalimu mmoja sentensi hiyo, akauliza ni awamu ya serikali ipi. Mafundi umeme wetu wamekwisha kulimaliza jambo hili: husema "umeme wa fezi tatu", na kila mmoja anaelewa. Neno likishakaa katika kazi, mtunga istilahi aliandikishe tu. Basi tuseme vinasa vilivyopingana fezi. Maana yake ni kwamba kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta, na vikiwashwa pamoja sauti hukonda kana kwamba imebanwa puani.

Hatari hii ni kubwa kwa anayechanganya vinasa vya watengenezaji mbalimbali, maana rangi za waya hazikubaliani. Katika vinasa vya koili mbili vya Seymour Duncan, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1976, waya mweusi ndio unaopeleka umeme kwenye swichi. Katika vile vya DiMarzio ni mwekundu. Karatasi tuliyoisoma ilitafsiri jina la waya huo kuwa "waya wa joto". Hauna joto lolote. Tunapendekeza waya wa utoaji, na mwenzake uitwe waya wa ardhi, kama mafundi wa nyumba wanavyosema.

Upande wa nafasi, mtafsiri alifanya vizuri. Alitumia shingo na daraja, maneno yaliyozoewa, na hatuna la kuongeza isipokuwa kwamba kinasa cha daraja si sawa na cha shingo hata kama vinafanana kwa macho. Karibu na daraja uzi husogea kidogo, na kwa hiyo koili ya hapo aghalabu huongezewa mizunguko. Tena nyuzi hutanuka zinapoelekea darajani: vinasa vya koili mbili hutengenezwa kwa upana wa kiasi cha milimita 50 au 53 baina ya uzi wa kwanza na wa sita. Upana huo uandikwe katika hati ya kuagizia.

6. Sifa za sauti

Tumeliacha mwisho jambo linalotusikitisha zaidi. Mwenye gitaa habadilishi kinasa kwa sababu ya omu. Anataka sauti nyingine. Karatasi inapofika hapo inaandika "sauti yenye joto", "sauti ya kung'aa" na "sauti yenye giza", kana kwamba Kiswahili hakijapata kusikia muziki.

Lugha yetu imewahukumu waimbaji tangu enzi. Tunayo sauti nyororo, kavu, kali, nyembamba, nene, nzito, na ya kukwaruza. Mpigaji aliyezoea solo za Mbaraka Mwinshehe na anayetaka gitaa lake lisikike wazi juu ya tarumbeta ataomba sauti kavu na kali. Mpiga rithimu atataka nyororo. Kila moja ya sifa hizi inaweza kuambatanishwa na sababu yake: koili moja na mizunguko michache huelekea ukavu na ukali, mizunguko mingi huongeza unene na kupunguza ukali, kidhibiti cha sauti cha omu 250,000 hulainisha zaidi kuliko cha omu 500,000, na ndiyo sababu cha kwanza huwekwa pamoja na koili moja na cha pili pamoja na koili mbili. Maelezo hayo yote yanasemeka kwa maneno ambayo bibi mwenye kusikiliza taarabu angeyaelewa. Kwa nini basi tumlazimishe mpigaji afikiri kwanza kwa lugha ya kigeni ndipo aelewe Kiswahili chake?

7. Muhtasari wa mapendekezo

Kinasamtetemo: kifaa kinachogeuza mtetemo wa uzi au mbao kuwa umeme, cha sumaku au cha fuwele.
Kinasa cha koili moja. Kinasa cha koili mbili: majina ya umbo.
Kinasa kizuiamvumo: jina la kazi, bila kujali umbo.
Mvumo: sauti ya mfululizo itokanayo na umeme wa majumbani.
Ukinzani: kipimo cha omu. Nguvu ya utoaji: wingi wa umeme unaotoka.
Sumaku ya feriti. Sumaku ya aliniko.
Kupingana fezi: hali ya vinasa viwili kufutana.
Waya wa utoaji. Waya wa ardhi.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, wala kwamba kila neno lake litakubaliwa. Tunaomba jambo moja tu: kabla ya Baraza au mtu mwingine yeyote kuyapitisha maneno haya, yapelekwe kwa mafundi wanaofungua magitaa na kuyalehemu kila siku, wayajaribu kazini kwa muda. Neno watakalolikataa lisilazimishwe. Nayo ile ofisi iliyoletewa vinasa sauti vitatu, kama bado ina haja, tunaishauri iandike hati mpya hivi: "Vinasamtetemo vya sumaku vitatu, vya koili moja, kwa ajili ya gitaa la umeme la nyuzi sita, kimoja cha daraja, kimoja cha kati, kimoja cha shingo." Atakayeisoma hati hiyo hataleta redio, wala hataleta gari.